Vitambaa vya Madam Nafula na Homa ya Kompyuta

Kakamega,
Mwezi wa tano, 1996.

Kwako Mama Wakesho,

Nakutumia salamu zilizolowa. Huku mvua inanyesha kila siku baada ya chakula cha mchana kama mtu aliyeajiriwa, kwa hiyo salamu zimetoka kwangu mbichi, lakini najua zikifika hapo Voi zitakuwa zimekauka vizuri kwa lile jua letu. Hali yako? Mgongo bado unakusumbua ukiinama kuchota maji? Wakesho amepona kikohozi? Mwambie baba yake ameonana na mdudu wa msitu mwenye pembe kama kifaru, na aliyekimbia ni mdudu. Na mama yangu anakula? Usinifiche. Mimi ni mzima, nimenenepa mpaka shingo, kwa sababu watu wa huku hawaamini kwamba umeshiba mpaka uombe msamaha. Ugali wao wanauita obusuma, na ingokho, yaani kuku, akichinjwa kwa ajili yako, unaanza kujiheshimu hata kama hukuwa na mpango huo.

Najua umeruka mistari yote hiyo ukitafuta habari ya vyumba. Ngoja kidogo, mke wangu. Ulisubiri tangu barua ya Pasaka, utashindwa kusubiri kurasa mbili? Nilikuambia alivyoniahidi Madam Nafula: chuo chake cha kompyuta kikikubaliwa kuwa kituo cha mitihani, atanipa vyumba viwili vya nyuma, mimi, wewe na mtoto tuishi kama watu waliooana. Kikikataliwa, chuo kinafungwa, na mimi narudi kwenye malori, nikuone mara moja kwa msimu kama embe. Basi mtihani umefanyika. Jibu ninalo. Lakini nilikaribia kulikosa, na sitaki upewe tamu kabla hujaonja chungu.

Kwanza uelewe mahali nilipo. Chuo kiko ghorofani, juu ya duka la mbegu na mbolea, njia ya kwenda Amalemba. Kazi yangu ni mlinzi, mfagiaji na mshika funguo, na kwa maoni yangu mimi, naibu mkuu wa chuo. Madam mwenyewe alifundisha taipu miaka mingi mpaka akastaafu, ndipo akanunua kompyuta tatu kuukuu zilizotolewa kwenye ofisi moja ya Nairobi. Nasema kuukuu. Zilizaliwa nyeupe, sasa rangi yake ni kama meno ya mvuta tumbaku. Ukiiwasha moja inakohoa, inafikiri, inakohoa tena, ndipo inakuuliza unataka nini.

Sasa sikia mila ya huku. Kitu cha thamani hakiachwi uchi. Redio ina kitambaa cha kufuma, televisheni ina kitambaa, makochi yana vitambaa mgongoni na mikononi, hata chupa ya chai ina sketi yake. Mwanamke anapimwa kwa vitambaa. Kwa hiyo Madam alikaa likizo nzima na sindano yake ya kufumia, akavalisha kompyuta zake nguo nyeupe yenye marinda ya buluu, imetiwa wanga ikasimama, inafunika kila kitu mpaka mezani, kioo peke yake ndicho kinachungulia kama bibi harusi. Juu ya kila moja akaweka chombo cha maua ya plastiki. Unavua viatu mlangoni. Mimi niliyefika Mombasa, Malaba, Kampala, na nusu ya barabara ya Kigali, sijaona ofisi inayopendeza hivyo.

Wanafunzi wa mtihani walikuwa watatu, wote wanawake. Praxides ni msaidizi wa wauguzi kule hospitali ya Iguhu, anataka kuhamia chumba cha kumbukumbu. Zuhura ni binti wa mwenye duka Mumias, anakusalimia kwa Asalaam aleikum ndefu mpaka unatafuta mahali pa kukaa. Na Rispa ni mama wa watoto wawili kutoka Lugari, shambani kwa mahindi, mwembamba na mkali. Huyo alikuwa amewaambia wakwe zake kwamba atarudi na cheti au hatarudi. Wewe unajua wakwe wakiambiwa hivyo wanavyokaa mlangoni kungojea.

Mvua zilipoanza tukafunga madirisha, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Asubuhi kompyuta zinafanya kazi vizuri. Ikifika alasiri, moja inasimama. Haizimiki, inasimama tu, herufi zimeganda kwenye kioo kama zimepigwa picha. Unabonyeza, hakuna jibu. Ukiizima na kuiwasha, ulichoandika chote kimekwenda na upepo.

"Mayi, mama wee! Imekufa tena!" Rispa akapiga kelele siku moja. "Na nilikuwa nimefika 'Wako mwaminifu'!"

"Unabonyezanga kwa nguvu sana," akasema Madam. "Hiyo si kinu, Rispa."

"Madam, mimi huwa naigusa kama mtoto mchanga."

"Labda ni stima inapungua nguvu," akasema Zuhura.

"Labda ni jirani," akasema Praxides, akimaanisha uchawi wa mwenye chuo cha taipu pale karibu na soko. Halafu, kwa sababu ya mazoea ya kazi yake, akaingiza mkono chini ya kitambaa akaigusa kompyuta kama unavyogusa paji la uso la mtoto. Akautoa haraka. "Hii ina homa."

Kesho yake alikuja na kipimajoto cha hospitali kwenye mfuko wa sare. Akakisukuma chini ya marinda, akakiegemeza kwenye bati la nyuma, sote tukasimama kando kama jamaa wa mgonjwa. Alipokitoa, zebaki ilikuwa imefika mwisho, haina pa kwenda.

"Angekuwa mtu," akasema Praxides, "tungekuwa tumeshachimba kaburi."

Madam akaogopa kweli. Tangu siku hiyo kompyuta zikawa zinapumzishwa kama wazazi waliojifungua: zinafanya kazi kidogo, zinalala sana. Na mtihani unakuja. Rispa akawa anafanya mazoezi kwenye kipande cha katoni alichochora herufi, anapiga vidole juu ya karatasi, macho ameyafumba. Nilimwona hivyo nikasikia vibaya, Mama Wakesho. Nikaona na vile vyumba viwili vinaondoka polepole, mlango kwanza, halafu madirisha.

Ndipo nikasimama. Unajua ninavyosimama.

"Madam," nikasema, "mimi nimekuwa utingo wa lori kabla hawa mabinti hawajajua kuandika. Lori likiwa na mzigo, injini inachemka. Ikiwa baridi haivuti. Kila kinachofanya kazi kina joto lake, na joto la mtu si joto la lori. Hicho kipimajoto kinajua watu tu. Kichovye kwenye chai, kitakuambia chai ni marehemu."

"Sasa joto la kompyuta ni lipi, wewe Mutaita?" Ndivyo wanavyoniita, kwa kuwa natoka Taita. Jina langu hapa nimeliacha stesheni.

"Hapo ndipo ninapohitajika," nikasema, nikatoka nje kwa heshima zote. Sikuwa najua. Lakini mtu hawezi kujua kila kitu akiwa amesimama, lazima akae afikiri.

Nikakaa, nikafikiri. Lori lina mshale unaokuonyesha joto la injini. Kompyuta hizi hazina mshale. Mimi sina saa, ile yangu uliiona ilivyokufa. Basi asubuhi, wakati zinafanya kazi vizuri, niliweka kiganja kwenye bati la nyuma karibu na feni, nikaanza kusali Baba Yetu, mwendo ule wa kanisani kwetu, si mbio. Nikafika Amina bila taabu. Joto lilikuwepo, kama ukuta uliopigwa na jua, lakini mkono ulivumilia. Alasiri nikarudi. Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako uje, nikafika kwenye mkate wetu wa kila siku, mkono ukatoka wenyewe bila ruhusa yangu! Na kweli, kabla sijamaliza kuupuliza, herufi zikaganda.

Ikawa ndiyo sheria. Ukifika Amina, hilo ni joto lake, endelea na kazi. Ukiutoa mkono kabla ya Amina, hifadhi kazi yako kwenye diski, zima. Zuhura akauliza, "Na mimi Mwislamu nitapimaje?" Nikamwambia asome Alhamdu taratibu. Akajaribu, akasema vipimo vinalingana. Hata Praxides akarudisha kipimajoto kwa wagonjwa wake.

Lakini kujua homa siyo kuitibu. Na mimi dawa nilikuwa naiona kila siku nikifagia. Utafungaje blanketi kwenye rejeta ya lori, pale linapopozea maji ya injini, kisha uulize kwa nini linachemka? Zile kompyuta zina matundu ya kuvutia hewa mbele na feni ya kutoa hewa nyuma, na yote yalikuwa ndani ya marinda. Nikamwambia Madam vitambaa vitoke.

Bora ningemwambia avue nguo zake.

"Unataka mashine zangu zikae uchi mbele ya wageni?"

"Madam, zinakosa pumzi."

"Vitambaa vina matundu. Nimeyafuma mwenyewe, najua idadi yake!"

"Umevitia wanga, Madam. Vimekuwa ukuta."

"Mutaita, kwenu mnafunikanga nini?"

"Kwetu jua ni kali, Madam, tunafunika watu."

Hakucheka. Alivitoa kimoja kimoja, akavikunja, akavitia kwenye droo, akaondoka bila kuniaga. Siku mbili nzima salamu zangu alizijibu kwa kikohozi. Lakini kompyuta, Mama Wakesho! Tulifungua madirisha, zikapiga kazi tangu asubuhi mpaka wasichana wakaomba wao kupumzika. Kila mkono ulifika Amina. Nilitembea pale chuoni kama niliyezitengeneza. Nilimweleza mwenye duka la mbegu, nilimweleza anayepiga kiatu rangi, nilimweleza mtu wa Malava aliyekuwa anauliza njia tu.

Mungu akasikia nikijisifu, akaleta kumbikumbi.

Ilikuwa alasiri, mtihani kesho kutwa. Mbingu zilikuwa zimefunga, ndani giza, tumewasha taa, mvua imekatika ghafla. Wakaingia madirishani kana kwamba kuna mtu nje anawamwaga kwa debe. Huku wanawaita chiswa, na hakuna mtihani duniani unaoweza kumzuia mtu wa Kakamega wakati wa chiswa. Rispa aliacha barua katikati ya neno. Praxides alivua kofia ya uuguzi akaifanya bakuli, anakusanya wawili, anakula mmoja. Zuhura alisimama juu ya kiti anapiga kelele, "Hapa kwenye taa! Hapa kwenye taa!" Madam Nafula mwenyewe, mwalimu mstaafu, alikuwa amepiga magoti na ndoo. Nami nikala. Ni watamu, wana mafuta kama karanga. Usimwambie mama.

Tulipokuwa tunacheka, tukasikia mbuzi analia. Hakukuwa na mbuzi. Ilikuwa kompyuta ya Rispa. Nayo ilikuwa imekula.

Nikachomoa plagi, nikachukua bisibisi, tukafungua. Ndani kulikuwa kumejaa mabawa, yamejipanga kwenye feni kama makapi kwenye ungo. Tukayatoa kwa unyoya wa kuku, moja moja, na Rispa akinishikia taa. Tulipoiwasha, feni ilizunguka kama mzee anayepanda ngazi, ikapumzika, ikazunguka tena. Feni nyingine ingetoka Nairobi, na Nairobi haiji kwa siku moja.

Madam alinitazama. "Sasa Mutaita, umejua vitambaa vilikuwanga vya nini?"

Wewe unaujua mdomo wangu. Siku hiyo niliupa kazi ya kupuliza mabawa yaliyobaki.

Lakini yule mama ana moyo. Akafungua droo, akatoa vile vitambaa vyake, akavitumbukiza kwenye maji mpaka wanga ukaisha, na tukavifunga kwa kamba kwenye madirisha, vimenyooka kama wavu wa mbu. Hewa inapita, chiswa hawapiti, na marinda ya buluu yanaonekana mpaka barabarani. Nani alitoa wazo hilo? Mimi nasema ni mimi. Madam anasema ni yeye. Rispa anasema sote tulikuwa tunalia na yeye ndiye aliyesema. Tuliache.

Siku ya mtihani akaja mkaguzi kutoka Kisumu, mrefu, ana mwavuli na mkoba, ndiye wa kusimamia mtihani na ndiye wa kuamua kama chuo kinafaa. Mimi nilikuwa nimesahau kuwaonya wasichana. Anafungua mlango, anawakuta watatu wamesimama nyuma ya mashine, kila mmoja ameweka mkono juu ya bati, macho yamefumbwa, midomo inacheza. Bwana yule akavua kofia. Akainamisha kichwa. Walipofika Amina akasema Amina pamoja nao, halafu akaninong'oneza: "Samahani. Nimeambiwa hiki ni chuo cha kompyuta?"

"Ndicho, mzee," nikasema. "Wanapima joto."

Akaniangalia sana. Hakuandika chochote bado.

Wakaanza. Asubuhi ilikwenda vizuri. Sehemu ya mwisho ikaanguka alasiri, na joto la mvua likajikusanya mle chumbani. Nikamwona Rispa anapeleka mkono nyuma. Midomo ikacheza kidogo, mkono ukatoka. Hakufika hata ufalme wako uje. Feni ilikuwa imelala.

"Mwalimu," akasema, "naomba kuizima ipoe."

"Ukizima, muda wako unaendelea kuhesabika," akasema mkaguzi. "Mimi sina uwezo wa kuurudisha."

Rispa akanitazama mimi pale mlangoni. Hakulia. Angelia ningevumilia. Alinitazama tu kama mtu anayesoma jina la kituo na basi halisimami. Niliteremka zile ngazi sijui kwa miguu gani, nikampora mama wa duka la mbegu ungo wake na maharagwe yakiwa ndani, nikarudi. Rispa alikuwa ameshahifadhi kazi yake kwenye diski, anaendelea. Nikamwomba mkaguzi ruhusa, nikalegeza skrubu, nikainua lile bati bila kugusa kitu cha ndani, nikaanza kupepea.

"Bwana, unafanya nini?"

"Mimi ni feni, mzee."

Madam akaziba uso kwa mikono. Mkaguzi akafungua kitabu chake cha sheria, akafunua, akafunua tena, mimi napepea. Mwishowe akasema, "Sheria zinakataza kumsaidia mtahiniwa. Kuhusu kuisaidia mashine hazisemi kitu. Lakini usitazame kioo, na usiseme neno."

Kunikataza kusema! Mama Wakesho, ungekuwepo ungempa mkono. Nilitazama dirishani, nikapepea kama mtumwa wa sultani, bega la kulia likawaka, nikahamia la kushoto, likawaka nalo, nikarudi la kulia. Mvua ikaanza kupiga bati la paa. Nyuma yangu nasikia vidole vya Rispa, tap-tap-tap, haviendi mbio, havisimami. Kila vilipopunguza mwendo, mimi niliongeza kupepea. Kisha mkaguzi akasema, "Kalamu chini," jambo ambalo halikuwa na maana kwa sababu hakuna aliyeshika kalamu, na Rispa akainua mikono miwili juu kama aliyetekwa na askari. Alikuwa amemaliza. Yote, mpaka sahihi.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Akaenda dirishani, akashika kitambaa cha Madam, akapitisha kidole kwenye tundu. "Hii ni kazi ya nani?" "Yangu," akasema Madam, kwa sauti ya mtu anayengoja kuchapwa. "Mke wangu hufuma," akasema, "lakini hajawahi kufumia dirisha." Halafu akafunga kitabu. "Kituo kinafaa. Feni ibadilishwe kabla ya mtihani mwingine. Na huyu bwana asitegemewe, atachoka."

Wasichana walinibeba. Walinibeba kweli, wakashindwa kwenye ngazi. Matokeo ya Rispa hayajatoka bado, lakini mimi nimempepea kwa mikono hii, najua alivyopiga. Feni mpya imeshafika, inaimba kama nyuki.

Basi jibu lako ni hilo, mke wangu. Madam alinipa funguo kwa mkono wake. Vyumba ni viwili, kimoja kinavuja pembeni na nimeshaziba, kingine kina dirisha linalotazama migomba. Nauli yenu itakuja na dereva yule rafiki yangu anayepita Voi, uliyesema anacheka kama fisi. Lete blanketi zote, huku usiku ni baridi. Usilete maji ya kunywa ya safari nzima, huku maji yako kila mahali, hata yasipotakiwa. Madam ameanza kukufumia vitambaa vya viti. Nikamwambia, Madam, sisi hatuna viti. Akasema, "Viti vinakujanga vikisikia vitambaa vipo."

Nisalimie mama yangu mzazi, umwambie nitamfuata nikishajua anakula vizuri na ana nguvu za safari. Nisalimie mjomba fundi baiskeli, shangazi anayeuza mboga stesheni, na kaka yako wa shamba la mkonge, ambaye alisema sitafika mbali. Mwambie nimefika, na pana ghorofa. Mpakate Wakesho kwa ajili yangu.

Jana jioni nilifagia vile vyumba, nikavifagia tena, halafu nikakaa mlangoni. Ni vidogo, Mama Wakesho, lakini kwa mtu mmoja vina mwangwi. Fungasha.

Ni mimi mumeo, mwenye mabega yanayouma na moyo usiouma tena,
Mwadime, Baba Wakesho.